Waya wa Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Fundi amesema niandike. "Kila unachofungua, andika. Kila unachokata, andika. Mtu asiyeandika husahau alichogusa, halafu analaumu kifaa." Kwa hiyo nimechukua daftari la kupokelea mizigo ambalo lina kurasa zimebaki nyuma. Shule niliiachia darasa la sita na mwandiko wangu ni kama kuku ameparura, lakini msomaji ni mimi mwenyewe.

Leo imenyesha mvua kubwa ya kwanza. Saruji haipakiwi mvuani, kwa hiyo saa sita mchana msimamizi alifunga ghala akaturudisha makwetu. Mlangoni nikamkuta karani wa mizani anatupa monita ya kompyuta yake. Inawaka, unahesabu moja, mbili, inakuwa giza. Nikaiomba.

"Chukua," akasema, "ukaatamishie mayai."

Nikaipeleka kwa fundi wa redio na televisheni, barabara ya sokoni. Tangu mwaka jana nimemwomba kazi mara tatu, na mara tatu amenicheka mbele ya wateja. Leo hakucheka. Alisema: "Itengeneze. Peke yako, chumbani kwako, kabla mvua hazijaisha. Ikiwaka ikakaa siku nzima, kiti cha pili kwenye benchi hili ni chako. Ikikushinda, usinisumbue tena."

Mwezi uliopita daktari wa zahanati aliniambia kifua changu kimejaa vumbi la saruji na mgongo nao unakwisha. Akaniuliza kama nina kazi nyingine. Nikasema sina. Sasa huenda ninayo. Mama watoto sijamwambia. Yuko mbali, safari ya siku mbili, na nikimwambia ataanza kushukuru kabla ya wakati.

Jumatano, 5 Machi

Mvua tena, kazi nusu siku. Nimeifungua. Skrubu nne nyuma, halafu kifuniko kimebanwa kwa vimeno vya plastiki, nimevunja viwili. Ndani kuna bati, na chini ya bati bodi mbili za kijani. Nilitegemea kitu kikubwa. Ni vidude tu vimepangwa kama viti vya kanisani.

Naishi chumba kimoja na kuli mwenzangu. Ghalani tunamwita Kimya, kwa sababu anaweza kubeba magunia mia bila kutoa neno. Kitanda chake kiko upande wa dirisha, changu upande wa mlango, katikati kuna meza moja, na leo meza yote imejaa monita. Kimya amekula chakula chake amesimama.

"Hiyo maiti itakaa hapa mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka ifufuke."

Akanitazama, akarudi kwenye sahani yake. Ana wivu. Sisemi kwa ubaya, ndivyo alivyo.

Jambo moja la kuandika: nilipochomeka plagi ili nijaribu, nikagusa lile bati, vidole vilisisimka. Si shoti. Ni kama sisimizi wanapita chini ya ngozi.

Alhamisi, 6 Machi

Magunia mia nne na ishirini. Sina mkono wa kuandikia.

Jumapili, 9 Machi

Fundi alinionyesha ujanja mmoja. Skrini ikiwa giza, imulike kwa tochi kutoka upande. Nimemulika, na kweli picha ipo, imefifia kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Maana yake skrini ni nzima. Taa zake za ndani ndizo hazipati nguvu. Nikatazama bodi ya umeme na nikawaona wenyewe: kapasita tatu, vile vikopo vidogo, vimevimba vichwa. Vingine vyote ni bapa juu. Nilijiona daktari.

Nikiwa nimeinama pale, mlango ukagongwa. Ni dada mfuaji wa chumba cha nne. Anafua nguo za watu pale uani, kwenye sakafu ya saruji kando ya pampu, tangu alfajiri mpaka jua lizame, na jioni anapiga pasi. Ana maneno mengi, na mimi huwa namkwepa.

"Kaka, nasikia umekuwa fundi."

"Nani kakwambia?"

"Ukuta ni wa mabati, nasikia hata unavyojikuna. Pasi yangu inauma. Nikishika hili bati la chini kidogo, inaniuma."

"Bati la pasi unalishika kwa nini?"

"Nalipangusa. Unataka nikuunguzie watu mashati?"

Nikamwambia mimi bado mwanafunzi, asubiri. Akaondoka akisema nimeanza kuringa kabla sijajua kitu. Ana haki, lakini sikupenda.

Jumanne, 11 Machi

Mvua usiku kucha, mvua asubuhi. Uani maji yanafika vifundoni. Lile bati la monita sasa halisisimui, linauma. Kapasita mpya bado sijapata.

Jumamosi, 15 Machi

Fundi alinipa kapasita tatu alizozitoa kwenye mzoga wa televisheni, na chuma cha kulehemu cha zamani. Akanionya kuhusu kopo moja kubwa katikati ya bodi, kwamba linahifadhi umeme hata ukiwa umechomoa plagi, kwa hiyo nilisubiri robo saa kabla ya kugusa chochote. Nililehemu kwa saa mbili. Mikono iliyozoea gunia la kilo hamsini haijui kushika kitu cha uzito wa punje ya mahindi. Niliunguza kidole, godoro, na ukingo wa meza.

Nikachomeka. Ikalia pa, kama bastola ya sinema, na moshi mweupe ukajaa chumba. Kimya alikuwa amelala. Aliamka akakimbilia nje na chupi.

Kosa ni langu. Kapasita ina upande wa kutoa na upande wa kujumlisha, na mimi moja nimeigeuza. Naandika hapa ili nisirudie: MSTARI MWEUPE NI KUTOA.

Uani wote walicheka. Dada mfuaji alimpa Kimya kanga ajifunge. Mama mwenye nyumba hakucheka. Alisimama mlangoni kwangu na mwavuli wake, akatazama dari, akatazama soketi, akasema, "Mwanangu, nyumba hii niliijenga kwa meno yangu. Ukiichoma, nitakuchoma." Ni mwanamke anayezima taa za uani kwa mkono wake mwenyewe, na ufunguo wa chumba cha pampu anauvaa shingoni.

Jumatatu, 17 Machi

Magunia. Mvua. Nimekohoa kijivu.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimepata jibu, na nitaliandika lote, maana nimelipata peke yangu.

Tulirudishwa saa tano. Chumba kilikuwa na unyevu, maji yanapenya chini ya mlango. Nilivua viatu vilivyolowa nikakaa mezani, nikachomeka monita, nikataka kuigeuza. Niliposhika bati kwa mikono miwili, umeme ulinikamata. Haukunisisimua, ulinikamata. Mikono ikajifunga, meno yakagongana, nikasikia sauti kama ya ng'ombe na sauti hiyo ilikuwa yangu. Nilianguka nyuma na kiti, na kiti ndicho kilichonitoa. Nimelala sakafuni sijui muda gani, naangalia balbu.

Nilipopata nguvu sikuogopa. Nilikasirika. Nimebeba magunia miaka tisa katika mji huu, siwezi kushindwa na sanduku la karani.

Basi nikafikiri hivi. Waya wa plagi una nyuzi tatu ndani. Wa kahawia unaleta umeme. Wa buluu unaurudisha. Wa kijani wenye mstari wa njano umefungwa kwenye bati moja kwa moja, haupiti popote pengine. Nikachukua testa, ile bisibisi yenye taa ndogo kwenye mpini, nikaichomeka kwenye tundu la tatu la soketi, lile la waya wa kijani. Taa ikawaka.

Hapo nikaelewa. Umeme wa kuuma hautoki kwenye monita. Unatoka ukutani, unapita kwenye waya wa kijani, unaingia kwenye bati. Nikakata kile kichwa cha plagi kilichoyeyushiwa kiwandani, nikafunga plagi mpya ya skrubu. Kahawia mahali pake, buluu mahali pake, kijani nikaukunja nyuma nikauacha nje.

Nikachomeka. Nikagusa bati kwa kidole kimoja. Limetulia kabisa. Nikashika kwa kiganja kizima. Hakuna kitu. Na monita bado inawaka kama kawaida yake, moja, mbili, giza. Kwa hiyo ule waya hauna kazi.

Fundi sijamwambia. Alisema nifanye peke yangu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemtolea dada mfuaji waya wa kijani kwenye pasi. Akaigusa, akaigusa tena, akacheka peke yake. "Kaka, tangu mvua zianze nilikuwa napiga pasi kama mtu anayeiba." Akanipa shati langu limenyooshwa, kola imesimama. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilivaa shati lililonyooshwa.

Halafu mama mwenye nyumba akaniita kuhusu friji lake. Mlango wa friji unamrusha kila akichukua maziwa, amekuwa akiufungua kwa taulo. Dakika tano nikawa nimemaliza. Alifungua na kufunga mara nyingi kama mtoto. "Fundi," akaniita. Hakusema "mwanangu" wala "wewe wa chumba cha tano".

Halafu birika la chumba cha kwanza, na jiko la umeme la chumba cha pili. Mtu wa nyumba ya pili alikuja kuangalia nifanyavyo. Nikamwonyesha. Si siri.

Jumapili, 23 Machi

Kimya amenikatalia kugusa birika lake. Tumegombana, yaani mimi nimegombana, yeye alikuwa anamenya viazi.

"Linakuuma au halikuumi?" nikamuuliza.

"Linaniuma."

"Sasa?"

"Sasa najua linauma. Nikilichukua navaa viatu."

"Nitalinyamazisha."

"Ndugu yangu, mlinzi akipiga kelele, unamziba mdomo au unatoka kuangalia kuna nini?"

"Hicho ni chombo, si mlinzi."

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Alivyolitamka lile neno fundi, nilitaka kumrushia kiazi. Wivu mtupu. Tumebeba pamoja miaka sita, na siku mtu mmoja anataka kuweka gunia chini, mwingine anaona kiza.

Jumatano, 26 Machi

Mvua ya siku tatu haijakatika. Ukuta wa chumba umeota ukungu kama ramani. Nimelehemu upya, safari hii kwa kufuata mstari mweupe. Nasubiri ikauke kabla ya kujaribu, kila kitu humu ndani kina majimaji.

Dada mfuaji alinisimamisha uani. "Kaka, lile bomba la pampu nalo linaniuma."

"Bomba?"

"Nikifungua koki. Zamani lilikuwa linasisimua kidogo tu. Juzi na jana linauma."

Nilikuwa na bodi mkononi, naikinga na mvua kwa shati. Nilimwambia avae ndala. Akasema anafua mpaka kwenye magoti majini, ndala zitaelea. Nikamwambia basi amwambie mama mwenye nyumba, pampu si yangu. Akasema amemwambia, na mama amejibu kwamba fundi ameshapitia umeme wote wa nyumba.

Fundi ndiye mimi. Nilijisikia vizuri kidogo, kisha sikujisikia vizuri. Nikaingia ndani.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Imewaka. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nikafika mia, nikaacha kuhesabu. Kuna kisanduku cha buluu, cha kudai waya wa kompyuta, kinatembea kwenye kioo, kikifika pembeni kinarudi. Nimekaa nakitazama mchana kutwa. Kimya alirudi akakaa kitandani kwake akakitazama naye.

"Imefufuka," akasema.

"Imefufuka."

"Hongera, ndugu yangu." Akanipa mkono. Nilimtafuta wivu usoni sikuuona. Ana homa, mkono wake ulikuwa wa moto.

Nilimpigia mama watoto nikamwambia kila kitu. Nilisikia kwikwi, nikadhani laini inakatika. Alikuwa analia.

Jumamosi, 5 Aprili

Naandika leo leo, nisije nikajidanganya kesho.

Asubuhi nilivaa lile shati. Monita nikaifunga kwa nailoni, nikatoka. Mvua ilikuwa nyepesi. Dada mfuaji alikuwa anapanga mabeseni, Jumamosi ndiyo siku ya mashuka ya nyumba ya wageni. Akasema, "Kaka, ukipata kiti usitusahau." Kimya alibaki kitandani na homa yake.

Fundi aliiweka monita kwenye benchi, akaichomeka, akaendelea na redio ya mteja. Saa nzima. Kisanduku cha buluu kilitembea. Mara akaigeuza, akaitazama lehemu yangu kwa kioo cha kukuzia, akasema, "Mbaya, lakini imeshika." Kwa kinywa chake hiyo ni sifa. Akavuta kile kiti cha pili kwa mguu, akanionyesha nikae. Nilikaa. Nimekaa kwenye kile kiti labda dakika tatu.

Halafu akashika plagi. "Hii umebadilisha?"

"Ndiyo."

Akaifungua kwa bisibisi. "Waya wa kijani uko wapi?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyoandika hapa. Bati liliuma, testa iliwaka kwenye tundu la tatu, nikautoa waya, maumivu yakaisha. Nikamwambia na pasi, na friji, na birika, na jiko. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyoacha kusogeza mikono.

"Huo waya hauleti umeme," akasema. "Huo ni wa kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Ukiukuta una umeme, kuna kifaa kimoja nyumbani humo kinavuja, na njia ya ardhini imekatika, ndiyo maana umeme umezagaa kwenye kila bati. Vile vyombo vilikuwa vinakuambia. Ni kipi kinachovuja?"

"Sijui."

"Umetoa waya kwenye vyote, hukuuliza unatoka wapi?"

Niliitazama plagi iliyo wazi mkononi mwake.

"Sasa hauna pa kuzagaa. Umebaki wote kwenye kile kimoja. Kuna kitu gani cha bati nyumbani kwenu, chenye umeme, kinachokaa kwenye maji?"

Nilikumbuka ndala. Sikuaga. Nilitoka nikakimbia, na mvua ilikuwa imekuwa kubwa. Kifua changu hakikimbii tena, kwenye daraja nilisimama nikatapika mate ya kijivu, nikakimbia tena. Nilikuwa nasema, asifungue koki, asifungue koki, mpaka maneno yakawa pumzi tu.

Nilisikia kelele kabla sijaingia uani. Kimya alikuwa amekaa kwenye maji amemlaza dada mfuaji mapajani, anampiga kifua kwa ngumi na kumwita. Mashuka meupe yalikuwa yanaelea kila mahali. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha pampu, kichwa wazi mvuani. Alikuwa ameukata waya mnene wa pampu kwa panga, baada ya Kimya kuzima swichi kuu.

Kimya ndiye aliyesikia. Alisema ilikuwa sauti kama ya ng'ombe.

Dada alikohoa. Mara ya kwanza nilidhani ni Kimya. Halafu akakohoa tena na macho yakafunguka, na mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja kama bado umeshika koki, na ndani ya kiganja nyama ilikuwa nyeupe.

Watu wa chumba cha kwanza walimbeba. Mmoja akaniambia, "Fundi, hii pampu ya mama ni ya kuua." Wote wakamtazama mama. Mama aliliangalia panga mkononi mwake. Nami niliwaacha wamtazame.

Jumapili, 6 Aprili

Yuko hai. Moyo unapiga vizuri. Mkono, daktari anasema vidole vitatu havitafunguka.

Fundi alikuja na mita yake akapima nyumba nzima. Pampu imelowa ndani, inavuja. Waya uliokuwa ukienda kwenye fimbo ya ardhini umeliwa na kutu kitambo, umelala udongoni haujashika chochote. Ameweka fimbo mpya, akanifanya nirudishe kila waya wa kijani nilioutoa, yeye amesimama nyuma yangu. Wenzangu wa vyumba vingine niliwaambia ni ukaguzi tu.

Kimya anajua. Alitazama tu. Natamani angesema kitu.

Jumanne, 8 Aprili

Mama mwenye nyumba amekaa hospitalini tangu Jumamosi. Anamlisha dada kwa kijiko. Watu wanasema ni woga wa polisi. Mimi nimeuona uso wake, si woga. Anaamini ni yeye aliyemfanya hivyo.

Fundi aliniita. Kiti bado kipo. "Umekosea kosa la mtu anayejua nusu," akasema. "Nilimfanya hivyo hivyo mtu mmoja, zamani. Utajifunza. Anza Jumatatu. Ila hili jambo tulifunike. Wanaamini ni pampu, na ni pampu kweli."

Nikamwambia kuna nyumba nyingine. Yule mtu wa nyumba ya pili aliona, akaenda kufanya kwake, akawaonyesha wengine. Hapo nikaona amechoka ghafla.

"Ukipita mlango kwa mlango kusema fundi wangu mpya ndiye aliyewafundisha kujiua, nani ataleta redio yake hapa? Subiri. Mvua zikiisha nitapita mwenyewe, polepole, niwape sababu nyingine."

"Mvua zikiisha ni lini?"

"Wiki tatu. Nne."

Nikasema nitafikiri. Nimebeba magunia mchana kutwa nikifikiri. Usiku kifua kinalia kama mlango.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemwambia dada. Mama mwenye nyumba alikuwa palepale, nikataka asikie naye.

Dada alisikiliza akitazama bandeji. Yule mtu wa maneno mengi.

"Siku niliyokwambia bomba linaniuma," akasema, "ulijua?"

"Sikujua."

"Ulifikiri?"

"Nilifikiri kidogo. Halafu nikaingia ndani."

Akageukia ukutani. Mama mwenye nyumba akanishika bega akanitoa nje, si kwa ukali. Kwenye korido alikaa kwenye benchi la wagonjwa akajifunika uso kwa kanga. Nilisikia anapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikaenda.

Kutoka pale nilipitia kwa fundi nikamwambia kesho naanza kupita milangoni. Akaniambia basi nisije Jumatatu. Hakunitukana. Alikisukuma kile kiti chini ya benchi kwa mguu, akaendelea na kazi yake. Mama watoto nimemwandikia ujumbe. Hajajibu.

Jumamosi, 12 Aprili

Jana na leo nimepita. Naingia, nasema: mimi ndiye niliyefundisha kutoa waya wa kijani, nilikosea, mtu ameungua, naomba nizime umeme mpaka fundi wa kweli aje. Wengine wamenishukuru. Mwanamume mmoja amenizaba kofi, nikamwomba kwanza azime. Kimya anatembea nami amebeba mwavuli. Njia nzima ameongea maneno manne.

Sasa tuko nyumba ya kona, na hapa ndipo tumekwama. Mwenye nyumba alitusikiliza kwenye ufa wa mlango.

"Pampu yangu ilikuwa inauma," akasema. "Tangu waya utolewe, kila kitu ndani kimetulia. Mke wangu anafurahi. Leo unakuja kuniambia nizime, nikae gizani kwa ajili ya makosa yako?"

"Pampu yenyewe bado inauma?"

"Kidogo. Huko nje."

"Nani anaigusa?"

"Mke wangu, nani mwingine." Akafunga.

Nimegonga mpaka vifundo vya vidole vimechubuka. Kimya amezunguka nyuma, ukuta ni mrefu. Naandika nimekaa kwenye ngazi yao, daftari chini ya mwavuli, ili mikono ifanye kitu. Mvua imeanza tena. Upande wa pili wa ukuta nasikia beseni linaburutwa kwenye saruji.

Kuna mtu anakuja kutoka mwisho wa barabara, polepole, ameegemea upande mmoja. Ni dada. Mama mwenye nyumba amemshika kiuno. Walimruhusu leo mchana, nilisikia, sikuthubutu kwenda.

Amepanda ngazi amenipita. Hakunisalimu.

"Sijaja kwa ajili yako," amesema.

Amegonga mlango kwa mkono wa kushoto. Na kabla hawajafungua, ameanza kuifungua bandeji.